Nahodha wa Tabora na Mpaka wa Jasini

Mwalimu Teofili Nijimbere alifundisha habari za bahari kwa miaka ishirini na sita bila kuiona. Jambo hilo halikumsumbua hata kidogo. Ukimchokoza, alikujibu, "Na wanaofundisha habari za mwezi, wameshafika?" Kisha anakugeuzia mgongo na kuendelea kuchora.

Kuchora alijua. Chaki mkononi, bila kutazama kitabu, alianzia Ziwa Viktoria, akashuka na mstari ulionyooka, akakizunguka Kilimanjaro kwa kijipindo kidogo, akanyoosha tena mpaka pwani. Pale mwisho, mpaka wa Tanzania na Kenya unapogusa maji ya chumvi, ndipo alipotua na kukaa. Mikoa mingine yote aliimaliza kwa wiki moja moja. Kile kipande kidogo cha kaskazini ya Tanga, chenye mikoko, mashamba ya zamani ya mkonge na vijiji vya Wadigo na Wasegeju, alikifundisha wiki tatu. Alikueleza jinsi Sultani wa Zanzibar alivyoachiwa ukanda wa maili kumi kutoka pwani, akaishia kuupoteza wote. Alikueleza jinsi Waingereza na Wajerumani walivyokaa mezani huko kwao mwaka 1886 wakagawana nchi wasiyoijua. Alikueleza mapigano ya Jasini ya Januari 1915, nani alijificha wapi, nani aliishiwa risasi. Mwisho kabisa, kwa chaki nyekundu, anachora mto Umba unaoshuka kutoka Usambara na kuandika chini yake: HUU NDIO MPAKA. Anapiga mistari miwili.

Wanafunzi wakamwita Nahodha. Tabora hii, ambako maji makubwa tuliyo nayo ni bwawa la Igombe, nasi tukawa na nahodha wetu.

Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili chumba cha pili. Sauti yake ilipenya ukuta. Ikafika mahali wanafunzi wangu wakiandika insha ya siku ya soko Ziba, katikati ya ng'ombe na magunia ya alizeti, mikoko inaota. Kwa hiyo habari hii ninaijua vizuri. Nimesimuliwa na yeye mwenyewe, nikasimuliwa na rafiki yake Hamoudi, nikasimuliwa na Asmahani binti Hamoudi. Ya Hamoudi ndiyo ndefu kuliko zote, nami nimeipunguza chumvi.

Teofili si mtu wa pwani wala wa karibu na pwani. Alizaliwa Burundi, na mwaka 1972 wazazi wake walikimbia naye akiwa mtoto wa mgongoni. Alikulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, akaanza kufundisha hukohuko, kisha akahamia shule ya binafsi hapa mjini. Miaka hiyo kila alikokwenda alitembea na kibali. Uraia ulipotoka, alichukua cheti, akatoa nakala, akaipeleka ikatiwe plastiki, akaiweka mfuko wa shati. Haikutoka tena. Mkewe Apolinaria, ambaye ni mshonaji, alikuwa analalamika kwamba mashati ya mumewe yote huanza kuchanika mfukoni, mengine yangali mapya kola.

Hamoudi yeye ana duka la vitambaa karibu na soko. Babu wa babu yake aliingia Unyanyembe na misafara kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi. Marehemu mke wa Hamoudi, Nawal, alikuwa mtu wa Jasini. Siku Teofili alipolijua hilo, miaka kumi na saba iliyopita, alihamia kwenye baraza ya duka lile. Kila alasiri akitoka shule yupo, kikombe cha kahawa mkononi, akimweleza Hamoudi habari za Jasini. Hamoudi anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Kumbe!" Anauza mita tatu za kitambaa, anarudi, anasema tena, "Kumbe!"

Mwaka juzi, alasiri moja, Hamoudi aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, mwanangu Ghalibu anaoa."

"Alhamdulillahi," akasema Teofili, ambaye ni Mkatoliki wa kila Jumapili lakini barazani pale alijifunza mengi. "Anaoa wapi?"

"Kwa wajomba zake. Jasini. Nimekodi Kosta. Kiti cha mbele, cha dirishani, ni chako."

Teofili akatazama kikombe chake, akakirudisha chini bila kunywa.

"Jasini ile?" akauliza.

"Kwani kuna nyingine?"

Nyumbani, Apolinaria alimpigia pasi mashati manne, akampa na onyo moja.

"Baba Irambona, ni harusi ya watu. Usiende kuwasomesha."

"Sitasema neno."

"Hata la mto?"

"La mto si neno, Mama Irambona. Hayo ni maarifa."

Walikuwa watu ishirini na wawili. Kosta ilitoka Tabora alfajiri, na kabla ya Nzega Teofili alikuwa ameshasimama, ameshika kiti cha dereva, anawaeleza abiria kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walitembea njia hii kwa miezi mitatu, mtu na pembe la ndovu begani. Igunga akaeleza habari za maji. Manyoni akaeleza habari za Wagogo na hongo waliyotoza misafara. Wakalala Dodoma, na asubuhi akaanzia pale alipoachia. Asmahani, ambaye ni muuguzi na alikuwa mwanafunzi wake kidato cha pili, alipita kwenye viti akigawa kashata. Teofili akapewa tatu. Kila akifungua mdomo, aliongezwa nyingine. Mpaka Morogoro alikuwa amekula kumi na moja, na kwa mara ya kwanza gari likawa kimya.

Bahari waliiona Tanga mjini jioni ya siku ya pili. Dereva akasimama ili watu wanyooshe miguu. Teofili alishuka, akapita katikati ya watu waliokuwa wanapiga picha, akakunja suruali, akaingia mpaka magotini na viatu vyake. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Vipi, Mwalimu?" Hamoudi akamwuliza kutoka ukingoni.

"Ni kweli," akasema Teofili. "Ina chumvi." Na macho yake yalikuwa yamelowa. Hamoudi anaapa ni machozi, mwenyewe anasema ni wimbi.

Jasini walipokelewa na Bi Semeni, mama mdogo wa marehemu Nawal. Mwanamke wa miaka sabini na tano, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu walio shamba la tatu. Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya sala, na Jumamosi mchana kukawa na karamu uani, mikeka imetandikwa chini ya turubai, pilau kwenye masinia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Hamoudi, kwa furaha ya baba aliyeozesha, akasimama na kusema kwamba atakayetoa shukrani kwa niaba ya wageni wa Tabora ni Mwalimu Teofili.

Asmahani aliniambia alitafuta kashata, lakini zilikuwa zimekwisha.

Teofili alianza vizuri. Akashukuru, akawaombea maharusi, akamsifu mpishi. Angekaa hapo angekaa kwa heshima. Lakini alitazama huku na huku, akaona minazi, akaona mikoko kwa mbali, yale yote aliyoyachora kwa chaki miaka ishirini na sita, na roho ikamshinda.

"Ndugu zangu," akasema, "mnaishi mahali pa ajabu. Hapa ndipo ule mstari wa 1886 ulipoanzia. Mkitoka hapa mnafika mto Umba, na mto ule ndio unaotutenganisha sisi na ndugu zetu wa Kenya..."

"Mto gani, baba?" Bi Semeni akauliza kutoka upande wa wanawake.

"Umba, mama."

"Unatenganisha nini?"

"Tanzania na Kenya."

Uani pakasikika kicheko kimoja kilichozuiwa vibaya, kisha kingine, kisha vyote.

"Mwanangu," akasema Bi Semeni, na kwa kweli alisema kwa upole, "mto Umba uko huko Kenya. Huku unazaliwa, lakini baharini unamwagikia kwao. Mpaka ni mawe. Mbona hata mkwe wetu, Hamoudi, anayajua? Tulipomleta kuoa tulimpitisha palepale."

Teofili akageuka kumtazama Hamoudi. Hamoudi alikuwa amekuta kitu cha kutazama ndani ya sinia la pilau.

Alimaliza shukrani zake kwa sentensi moja, akakaa, na hakula halua.

Asubuhi ya Jumapili aliamka kabla ya wote. Shati la jana lilikuwa limelowa mchuzi, akavaa fulana aliyopewa kama zawadi ya harusi, yenye majina ya maharusi kifuani. Hakumwambia mtu. Alikusudia kuuona huo mto kwa macho yake. Moyoni, alikiri kwangu baadaye, bado alikuwa na matumaini kwamba Bi Semeni amechanganya, kwamba labda ni mto mwingine, na kwamba atarudi na ushahidi.

Akafuata njia ya miguu kati ya mashamba ya mihogo na minazi. Akapishana na wanawake wenye ndoo, akawaamkia, akawauliza, "Mto Umba ni huku?" Wakamwambia, "Ndio, nyoosha tu." Mahali fulani kamba ya kiatu ikafunguka. Palikuwa na nguzo fupi ya zege kando ya njia, akaweka mguu juu yake, akafunga kamba vizuri, akaendelea. Baada ya hapo simu ikalia mfukoni, mlio wa ujumbe. Akaitazama: kampuni ya simu inamkaribisha Kenya na kumtajia viwango vya kupiga.

"Matangazo," akasema Nahodha, na kuirudisha mfukoni.

Mwendo wa saa nzima, akafika. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, si mkubwa kama alivyouchora, lakini ulikuwa mto. Teofili akasimama ukingoni, mikono kiunoni, amefurahi kupita kiasi. Hapo ndipo alipotokea mwanamume mwenye sare ya polisi, anasukuma baiskeli. Alikuwa Koplo Amon wa polisi wa Kenya.

"Habari ya asubuhi, mzee. Unatafuta mtu?"

"Nzuri, afande. Natafuta mto Umba."

"Umeupata. Ndio huu."

"Basi nilikuwa sahihi," akasema Teofili kwa ushindi, akanyoosha kidole ng'ambo. "Kule ng'ambo ndiko Kenya."

Koplo Amon akatazama ng'ambo. Akamtazama Teofili, akasoma fulana, akamtazama tena.

"Ni kweli, mzee. Kule ni Kenya. Na hapa pia ni Kenya. Wewe Kenya uliingia kama nusu saa iliyopita."

Mkono wa Teofili ukaenda kifuani, kwenye mfuko wa shati. Hapakuwa na shati. Hapakuwa na mfuko. Ilikuwa fulana tu, na majina ya maharusi.

Hapa Hamoudi akisimulia hucheka, lakini Teofili mwenyewe hajawahi kucheka kipande hiki. Anasema hakuwa tena mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye nyumba Tabora na watoto chuoni. Alikuwa tena yule kijana wa Ulyankulu anayeteremshwa kwenye basi kizuizini, kibali kimepitiliza siku mbili, mtu mwenye sare anakigeuzageuza. Akakaa chini palepale kwenye nyasi.

"Mzee, unaumwa?" Koplo akaegesha baiskeli upesi.

"Sina karatasi," akasema Teofili. "Nimeziacha kwenye shati."

"Ngoja kwanza. Wewe ni mtu wa wapi hasa?"

Swali hilo aliulizwa maisha yake yote, na kila mara jibu lilikuwa refu, lina mwaka, lina mto, lina namba ya kibali. Safari hii alichoka kulisema lote.

"Tabora," akasema.

"Tabora ndani kabisa?"

"Ndani kabisa."

"Ai! Umekuja mbali sana kupotea." Koplo akachuchumaa mbele yake, akampa chupa ya maji. "Kunywa. Na huko Tabora unafanya kazi gani?"

Teofili alifikiria kudanganya. Alifikiria kusema anauza asali.

"Mwalimu," akasema.

"Vizuri. Wa somo gani?"

Teofili akanywa tena maji.

"Mwalimu, unafundisha somo gani?"

"Jiografia."

Koplo Amon alijitahidi. Teofili mwenyewe anakiri kwamba yule bwana alijitahidi sana, alikunja uso, akatazama mto, akakohoa. Kisha akavua kofia, akaiweka usoni, na mabega yakaanza kutikisika.

"Nisamehe, mwalimu," akasema alipopata pumzi. "Nisamehe sana. Hukuona bikoni njiani? Nguzo ya zege, fupi hivi?"

Teofili akakumbuka kamba ya kiatu. Akafumba macho.

"Nimeiona."

"Na simu haikukwambia?"

"Imeniambia."

Hapo wakacheka wote wawili, na hofu ikamtoka Teofili kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani. Alipotaja jina la mwenyeji wake, Koplo akapiga paja. Nani asiyemjua Bi Semeni, ambaye dada yake ameolewa Vanga, upande huu wa Kenya, na mwenyewe haishi kwenda na kurudi? Akampigia simu palepale, na sauti ya Bi Semeni ikasikika bila hata kuwekwa spika.

"Yuko huko? Mrudisheni! Huyo mgeni wetu hajanywa chai!"

Aliyekuja kumchukua alikuwa Asmahani, nyuma ya bodaboda, amebeba shati la Teofili lililofuliwa na kukaushwa nusu. Koplo Amon akaitazama nakala ya cheti kupitia plastiki yake, akatazama na kitambulisho cha taifa, akasema safari nyingine apite kituo cha mpakani cha Horohoro kwa utaratibu, agongewe muhuri, ndipo atamtembeza Vanga yote bure.

Walipofika kwenye ile nguzo, Teofili akaomba dereva asimame. Akashuka, akaizunguka. Ilikuwa na alama ya tope juu, ya soli ya kiatu chake mwenyewe. Akaifuta kwa kiganja. Asmahani alikuja akasimama kando.

"Mwalimu, shikamoo," akasema, kana kwamba ndio kwanza wanaonana.

"Marahaba. Asmahani, kuna kitu kinanijia. Wewe likizo zako zote ulikuwa unazimalizia huku."

"Ndio, Mwalimu. Kwa bibi."

"Mtihani ule wa kidato cha pili. Niliuliza ni kitu gani cha asili kinachotenganisha nchi hizi mbili pwani. Wewe uliandika nini?"

"Nilishasahau, Mwalimu."

"Hujasahau."

"Sijasahau," Asmahani akacheka. "Niliandika, 'Hakuna. Kuna mawe.' Ukanipa kumi na tisa kwa ishirini, na ukaandika pembeni kwa wino mwekundu: 'Soma kwa bidii.'"

Mwalimu Teofili akasimama wima kama yuko mbele ya darasa.

"Ishirini kwa ishirini," akasema. "Na lile la kusoma kwa bidii nalichukua mimi."

Bi Semeni alimpa chai na mihogo ya nazi, na alipokwisha kunywa akamweleza yaliyobaki. Jinsi wazee walivyosema kwamba mkataba wa kwanza ulitaja mdomo wa mto, na miaka michache baadaye Wazungu wakausogeza mstari kidogo kusini mpaka Ras Jimbo, ili Vanga ibaki kwa Mwingereza. Teofili akapiga paji la uso: kitabu alichosomea habari za mpaka kiliishia 1886. Bi Semeni akamweleza jinsi bibi yake, msichana wa miaka kumi na tano, alivyojificha mikokoni siku mbili wakati wa mapigano, maji yakipanda na kushuka, na kilichomtia hasira maisha yake yote si Mjerumani wala Mwingereza bali kaa aliyemng'ata kisigino. Teofili aliandika kila kitu. Hakukatiza hata mara moja. Hamoudi alisema hapo ndipo alipojua rafiki yake ameumia kweli.

Hata Hamoudi mwenyewe hakusemeshwa. Kutoka Jasini mpaka Tanga, kimya. Tanga mpaka Segera, kimya. Kiti cha mbele cha dirishani Teofili alikiacha, akaenda kukaa nyuma na masufuria. Waliposimama Chalinze kula, Hamoudi alimfuata na sahani yake, akakaa mbele yake bila kukaribishwa.

"Mwalimu."

"Miaka kumi na tano, Hamoudi. Kila siku 'kumbe, kumbe'. Na ulipita palepale kwenye jiwe."

"Nilipita."

"Ukaniacha nipige mistari miwili kwa chaki nyekundu."

Hamoudi akageuza chapati yake, hakuila.

"Nawal alipofariki," akasema, "Tabora hakuna aliyenitajia Jasini tena. Watu walinihurumia. Wakifika dukani wanazungumza bei ya kitambaa na mvua. Hata watoto wangu waliogopa kutaja. Kisha ukaja wewe, mtu simjui, unakaa barazani kwangu unaitaja Jasini mara ishirini kwa siku. Mikoko ya Jasini, minazi ya Jasini. Ulikosea mto, sawa. Ningekusahihisha siku ya kwanza ungeona haya ukanyamaza. Mimi sikutaka unyamaze."

Teofili alikaa akitazama barabara. Malori yalipita matatu. Kisha akanyoosha mkono, akachukua ile chapati ya Hamoudi, akaimega nusu.

"Ungeniambia hata mwaka wa kumi," akasema.

"Mwaka wa kumi nilikuwa nimeshazoea."

Kutoka Chalinze mpaka Tabora walikaa pamoja mbele, na abiria wanasema afadhali ule ukimya.

Jumatatu iliyofuata nilimsikia kupitia ukutani. Alichora ramani kama kawaida, akafika pwani. Kisha akawaambia wanafunzi yote: harusi, nguzo, kamba ya kiatu, Koplo. Darasa lilicheka mpaka langu nalo likacheka bila kujua sababu, nikaacha kufundisha viambishi, tukasikiliza. Jioni akatuma ujumbe kwenye kundi la wanafunzi wake wa zamani: "Kwa wote niliowafundisha tangu 1998. Mto Umba si mpaka. Kosa ni langu. Nisameheni." Majibu yalimiminika siku mbili. Tobia, ambaye sasa ni mpima ardhi Dodoma, aliandika kwamba wiki ya kwanza ya kazi aliaibika mbele ya mkuu wake kwa sababu ya huo mto, na amekuwa akisubiri ujumbe huu miaka tisa. Damas, ambaye ni wakili, akauliza kama matokeo yanaweza kukatiwa rufaa. Mwingine akataka kujua kama Kilimanjaro bado ipo. Apolinaria alimsomea yote kwa sauti, huku akishona, na alirudia yaliyomfurahisha.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, Teofili alikwenda Ulyankulu kumwona mama yake, mzee Inamahoro. Alimkuta uani anapukuchua maharage. Wakasalimiana kwa Kirundi, akaletewa kigoda, akaketi, akatoa daftari jipya na kalamu.

"Mama, tulipovuka mwaka ule, tulivukia wapi?"

Mama yake aliacha maharage.

"Una miaka mingapi sasa?"

"Hamsini na tatu."

"Na ndio leo unaniuliza."

"Nilikuwa nafundisha, Mama."

"Unafundisha nini?"

"Mipaka."

Inamahoro akacheka kicheko cha kikohozi, akaanza kumweleza. Walivukia mto Malagarasi. Teofili akauliza mara tatu kama ni kweli mto ule ulikuwa ndio mpaka wenyewe, au palikuwa na mawe mahali. Mama yake akasema mawe hakuyaona, maji ndiyo aliyaona, yalikuwa yamemfika hapa, akagusa kifua. Walikuwa watu thelathini, wanavuka wameshikana mikono. Yeye alikuwa na mzigo na hakuweza kumbeba na mtoto, kwa hiyo jirani mmoja, Alois, mwanamume mrefu, akampandisha mtoto mabegani. Katikati ya mto wote wakaambiwa wasitoe sauti, na hakuna aliyetoa, hata mtoto. Walipofika ng'ambo wakalala chini kwenye matete, wakakaa hivyo mpaka jua likachomoza.

Kalamu ya Teofili ilikuwa inakimbia. Alifika mwisho wa ukurasa, akafungua mwingine, akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Na Alois," mama yake akaendelea, akichukua tena maharage, "alipokushusha alikuwa amelowa mgongo mzima, na si kwa maji ya mto. Ulimkojolea toka katikati mpaka ng'ambo."

Kalamu ikasimama.

"Mbona huandiki?" mama akauliza. "Andika na hilo."